Simu Inayotangulia Garini

Mume wangu alianza kurudi nyumbani na simu iliyojaa chaji, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Wanawake wengine hunusa shati. Mimi niliangalia betri. Tangu nije Doha, simu yake ilikuwa ikifika mlangoni imezima au inakaribia kuzima, na kabla hajavua viatu tulikuwa tunagombania waya mmoja tulio nao, ule ambao usipoukunja na kuuegemeza kwa chupa ya mtoto haushiki. Tunaishi Najma, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyogawanywa kwa mbao ikawa vyumba vingi, na chumba chetu kilipata soketi moja tu ya maana. Halafu jioni moja jamaa anaingia, anavua viatu bila haraka, anambeba mtoto, hata waya haangalii. Nikachukua simu yake mezani. Mia kwa mia.

“Umechajia wapi?”

“Kwa gari. Wametuletea gari jipya.”

“Na waya?”

“Hakuna waya. Kuna kibao hapo kando ya gia. Unaweka simu juu yake, inajaa yenyewe.”

“Yenyewe.”

“Yenyewe, mama. Ni teknolojia.”

Aliniambia hivyo kama mtu anayemweleza nyanyake. Mimi nilimaliza kidato cha nne, na somo la kompyuta nililifanya mpaka mtihani. Teknolojia naijua. Nisichokijua ni kwa nini mwanamume akipata kitu kizuri hasemi mpaka aulizwe.

Ameajiriwa na kampuni inayokodisha magari pamoja na madereva. Walimpa familia moja inayokaa Pearl, kile kisiwa cha kutengenezwa chenye mashua za matajiri na mikahawa ambayo mimi huiona kwa simu. Kuna Madam, kuna mumewe ambaye yuko safarini kila siku, kuna watoto wawili, na kuna yaya. Madam akiridhika, kampuni inaridhika. Madam akilalamika mara moja, dereva anaondolewa, na dereva aliyelalamikiwa hapati familia nyingine upesi. Kibali changu cha kukaa nchi hii, na cha binti yetu, vimesimama juu ya kazi yake hiyo. Akiipoteza, sote watatu tunafunga mizigo. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana, na bado nilifanya nilichofanya.

Yaya ni Mkenya. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba anatoka Bungoma, upande uleule wa mume wangu, na wanaongea kwao. Mimi ni wa Machakos. Miaka mitatu ya ndoa, na kwa lugha ya mume wangu najua kusalimu, kushukuru na kuitwa kula. Mara mbili nilimpigia akiwa kazini nikasikia sauti ya mwanamke inasema kitu kwa Kibukusu, naye akacheka kile kicheko cha tumboni ambacho kwangu alikiacha mtoto alipozaliwa.

“Amesema nini?”

“Aa, si kitu. Ni mambo ya nyumbani.”

Nyumbani ni wapi, kama si hapa nilipo mimi na nepi za mtoto wake?

“Na huyo anakaa wapi kwa gari?” nikamuuliza.

“Mbele.”

“Mbele wapi?”

“Mbele ni mbele. Nyuma kuna viti viwili vya watoto, na Madam akiingia hakuna nafasi. Unataka akae kwa buti?”

Jibu langu lilikuwa ndiyo, nikaendelea kukunja nepi. Nilikolelewa, kiti cha mbele ni cha mke. Mama mkwe akija unampisha, sawa. Lakini mwanamke mwingine akionekana hapo asubuhi mpaka jioni, majirani hawahitaji kuelezwa.

Wiki iliyofuata mtoto alikuwa na chanjo. Kampuni hairuhusu dereva kubeba watu wake, lakini siku hiyo gari lilikuwa linapelekwa kuoshwa, basi akapita Najma akatuchukua. Nikakaa mbele na mtoto nikamfunga nyuma, kwenye kiti cha mtoto wa Madam, ambacho ni kizuri kuliko kitanda changu. Kiti changu kilikuwa kimesogezwa nyuma kabisa. Mimi ni mfupi. Miguu ilibaki inaning’inia, na sikujua pa kubonyeza ili kisogee, na sikutaka kumuuliza. Kwa hiyo nikajua: ana miguu mirefu.

Tulipofika mtaa wa Bin Mahmoud akaegesha kando, akashuka kununua chai ya karak, ile ya maziwa na iliki. Aliacha gari likiunguruma ili kiyoyozi kiendelee kutupa baridi. Mbele yangu kulikuwa na skrini kubwa kama ya televisheni yetu, na nikaanza kuigusa, hapa na pale, kama mtu anayefungua droo za wenyewe. Nikaikuta orodha ya simu ambazo gari linazijua. Zilikuwa tatu. Ya mwisho ilikuwa ya mume wangu. Ya katikati ya Madam. Ya kwanza ilikuwa na jina la yaya, na moyo mwekundu mbele ya jina, na nyota kando. Chini yake pameandikwa kwamba simu yenye nyota ndiyo gari linaitafuta kwanza kila likiwashwa.

Nilisoma hayo maneno mara mbili. Gari linawashwa alfajiri, mume wangu ameketi ndani yake mwenyewe na simu yake mfukoni, na gari linampita yeye linamtafuta huyo mwanamke kwanza.

Nikabonyeza jina lake. Gari likauliza kama nina uhakika nataka kuifuta simu hii. Nilikuwa na uhakika kuliko siku ya harusi yangu. Halafu nikaona itajulikana nimechagua, basi nikafuta na ya Madam, ionekane gari limesahau lenyewe. Ikabaki moja, ya mume wangu. Nikaipa nyota. Alipoingia na vikombe viwili nilikuwa nimekunja mikono naangalia dirishani.

“Mbona umenyamaza?”

“Baridi.”

Asubuhi yake, saa moja na nusu hivi, akanitumia ujumbe: Kwa nini umefuta simu za watu kwa gari? Madam amekasirika.

Hakuuliza kwa nini nimeumia. Ameona simu za watu. Nikampigia. Hakushika. Nikampigia tena. Mara ya nne, akashika.

Kabla ya kusema niliyosema, kuna kosa letu lazima nilieleze. Sisi tunaotoka kwetu tukifika hapa tunakifanya Kiswahili pazia. Ndani ya lifti, dukani, kwenye foleni ya hospitali, tunamteta mtu akiwa amesimama karibu yetu na tunamchekea. Bosi anaitwa majina yote mbele ya uso wake, naye anaitikia kwa kichwa. Tumezoea hivyo mpaka tumesahau kwamba pazia lina watu pande zote mbili.

“Sikiza,” nilimwambia, hata hakupata nafasi ya kusema haloo. “Usiniulize nimefuta simu za nani. Niulize kwa nini simu ya mwanamke mwingine ina nyota kwa gari unaloendesha wewe. Mwambie huyo msichana wa kwenu, na mioyo yake myekundu, hicho kiti cha mbele si chake. Aniogope. Na huyo Madam wako mvivu, mwanamke mzima ameshindwa kulea watoto wawili mpaka anaajiri watu wazima wawili, ndiye anayewaweka bega kwa bega kutwa nzima, halafu Madam akikasirika mimi ndiye nitetemeke, Madam, Madam, Madam—”

Nikasikia sauti yangu inanirudia. Ilikuwa inatoka mbali, kubwa, kama mtu anayehubiri kanisani kwa kipaza sauti. Mtoto mmoja akacheka. Halafu nikasikia indiketa inagonga, tik, tik, tik. Nilikuwa naongea na gari zima.

“Nani huyu?” Ilikuwa sauti ya Madam, kwa Kiingereza, nyuma. “Anasema nini kuhusu Madam?”

 Mume wangu namjua, akiutafuta uongo haupati haraka. Nikashika mdomo wangu kwa mkono, kana kwamba bado kuna kilichobaki cha kuzuiwa.

Kisha mwanamke mwingine akaongea, karibu na kipaza sauti, taratibu kabisa.

“Ni mkewe, Madam. Mtoto wao ana homa kali. Anasema hajui dawa ya kumpa. Anasema, Madam ni mama pia, tafadhali Madam amruhusu baba yake afike nyumbani kidogo.”

“Na kwa nini anapiga kelele hivyo?”

“Ni woga, Madam. Sisi tukiogopa tunapiga kelele.”

Indiketa ikaendelea kugonga.

“Miskina,” akasema Madam. “Tushushe shuleni, uende. Usirudi mpaka mtoto ameonwa na daktari. Mama, unanisikia? Usilie. Mpe maji.”

Nikamwambia asante Madam. Nikaisema kwa sauti ya mtu mwenye mtoto mgonjwa. Mtoto wangu wakati huo alikuwa chini ya meza anatafuna ndala.

Mume wangu aliingia chini ya saa moja baadaye. Nilitegemea matusi na nilikuwa nimejipanga kuyajibu. Hakutoa. Alikaa kitandani na ufunguo wa gari mkononi, akamtazama mtoto.

“Ana homa,” akasema.

“Hana homa.”

“Leo ana homa. Umenisikia? Ana homa mpaka Madam aseme amepona.”

“Usimtabirie mtoto ugonjwa.”

“Nimtabirie mimi? Mimi nilikuwa nimenyamaza, naendesha gari.” Akavuta pumzi. “Unajua simu yangu haijawahi kuingia kwa spika za lile gari hata siku moja? Ya yaya ndiyo ilikuwa inazichukua, anawawekea watoto nyimbo. Ukipiga wewe, nilikuwa naisikia yangu ikitetemeka pale kwa kibao, nanyamaza mpaka Madam ashuke. Sasa umeng’oa zao, umeniweka mimi. Umepiga, jina lako likajaa kwa skrini. Mara tatu nimekata. Mara ya nne Madam akasema jibu, labda ni mtoto. Nikabonyeza hapo kwa usukani.”

Nilitaka mume wangu awe wa kwanza ndani ya lile gari. Akawa.

“Yule yaya angetafsiri vile ulivyosema,” akaendelea, “saa hii ningekuwa ofisini kwa kampuni narudisha ufunguo. Na wewe ungekuwa unapanga nguo.”

Tulimpeleka mtoto kwa daktari, akapimwa, akaonekana mzima, nasi tukarudi nyumbani. Siku hiyo nzima nilikuwa namgusa paji la uso kila baada ya muda mfupi. Alikuwa baridi, anacheka, na mimi bado nilikuwa naogopa kwamba ugonjwa ukitangazwa husikia na huja. Lakini hofu haikunizuia kukasirika. Ukimchukia mtu unataka awe mbaya. Huyu alininyima hata hilo. Aliniokoa mbele ya mume wangu, akiwa amekaa pale pale mbele, na sasa ilikuwa lazima nimshukuru. Mume wangu alipomaliza kula nikamwona anatabasamu peke yake. Nikajua anakumbuka ile “sisi tukiogopa tunapiga kelele”. Sikumuuliza. Nilitaka sahani impasukie mkononi.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mlango ukagongwa. Madam alikuwa amemtuma yaya na mfuko: matunda, dawa ya homa ya watoto, na ngamia wa kitambaa. Mume wangu alibaki chini na gari. Hakuthubutu kupanda.

“Hodi, shemeji.”

“Usiniite shemeji.”

“Basi nikuite nani? Mgonjwa wetu yuko wapi?”

Mgonjwa alikuwa amefika mlangoni kwa magoti, anamvuta sketi.

“Mgonjwa anatambaa kwa kasi,” akasema, akachutama mbele ya mtoto akampa ngamia. “Pole sana, mama. Tumesikia ulikuwa mahututi.”

Siku zote hizo nilikuwa nataka awe mrembo wa kutisha au mbaya kabisa, nipate pa kuanzia. Alikuwa mtu tu. Mrefu, ndiyo. Mikono imekauka kwa sabuni kama yangu. Nikamkaribisha kwa sababu kumwacha mgeni mlangoni ni aibu hata ukimchukia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kwani kiti hatuna.

“Kwa nini ulinilinda?” nikamuuliza. Mimi sijui kuzunguka.

“Nani amekulinda? Wewe hata sikujui. Na uliyosema juu yangu niliyasikia yote, tena kwa spika za mbele na za nyuma.” Hakuwa amekasirika, na hilo liliniudhi zaidi. “Nilijilinda mimi. Dereva aliyekuwepo kabla ya huyu, kila akibadilisha gia mkono ulikuwa unapotea njia, unafika kwa goti langu. Na hata hilo gari la zamani lilikuwa otomatiki.”

Sikutaka kucheka. Nilicheka kidogo, kwa pua.

“Mumeo hajawahi kupotea njia. Ningemwambia Madam ukweli, kesho wangemleta mwingine, na mimi ndiye ninayekaa pale mbele. Sasa wewe na hasira zako ungekuwa Machakos, mimi ningekuwa na goti langu.”

“Na ile nyota?”

“Nyota gani?”

“Kwa skrini. Simu yako ndiyo ina nyota.”

Akafikiri. “Labda ni yule mtoto mkubwa, anabonyezabonyeza kila kitu. Mimi hata sijui kuna nyota.” Akatoa simu mfukoni akanionyesha. Ilikuwa simu ya bei, ya kizamani kidogo. Madam alikuwa amempa baada ya kununua mpya. Tundu la chaji limeharibika, waya hauingii. “Hii haishiki chaji popote duniani isipokuwa kwa kile kibao. Asubuhi naweka mimi, mchana anaweka yeye. Na nikiwa ndani ya nyumba Madam hataki kuiona mpaka watoto walale. Wakishalala wao, na wangu amelala.”

Ana binti. Yuko Bungoma na nyanyake, anaingia darasa la kwanza. Kila asubuhi watoto wa Madam wakishashushwa shuleni, na Madam mara nyingi hayupo, kuna dakika kama ishirini za kurudi Pearl. Hizo dakika ishirini anampigia mtoto wake, sauti inatoka kwa spika, gari zima ni lao.

“Na yeye?” nikauliza. “Mume wangu?”

“Yeye anaendesha. Anamsalimia. Mtoto anapenda kuambiwa tuko wapi, basi anamwambia. Sasa tumefika kwa taa. Sasa kuna ngamia wamepakiwa kwa lori, wamefungwa kama magunia, wanatuangalia kwa dharau. Mtoto anakufa kwa kicheko.”

Alisema hivyo bila ubaya, akimfuta mtoto wangu mate.  Goti ningelielewa. Goti lina jina lake, na mwanamke anajua la kufanya. Lakini mimi hakuniambia kamwe kuhusu ngamia kwa lori. Kwangu huingia, hula, husema “siku imekuwa ndefu”, hulala. Binti wa watu aliye Bungoma anaijua Doha ya mume wangu kuliko mimi ninayekaa Doha.

Alipoondoka sikumsindikiza mpaka chini. Nilimwambia asante nikiwa nimeangalia ukuta. Ilikuwa asante ya kweli, lakini usoni sikuweza.

Jioni mume wangu aliingia akinyata kama mtu anayesubiri matokeo.

“Umemrudishia simu yake kwa gari?” nikamuuliza.

“Tulirudisha ya Madam tu. Yake niliogopa.”

“Irudishe. Asubuhi gari ni lake na mtoto wake.”

Akaniangalia.

“Akishamaliza kuongea na mtoto, nipigie mimi.”

“Nikuambie nini?”

“Yale unayomwambia yeye.”

“Namwambia upuzi tu, mama.”

“Huo upuzi ndio nautaka.”

Kesho yake simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeketi kando ya soketi, nimeushika waya kwa kidole usiachie.

“Haya,” akasema. Sauti ilikuwa na ule mwangwi wa spika, nikajua yaya anasikia, na yeye akajua kwamba najua.

“Haya nini?”

“Ulisema nikupigie.”

“Ndiyo. Ongea.”

Akakohoa. Nikasikia tairi zinapita kwenye viungo vya daraja. Muda mrefu hakusema kitu, na mimi sikumsaidia. Halafu huko pembeni yule mwanamke akasema kitu kwa lugha yao, maneno machache, na mume wangu akacheka. Kile kicheko cha tumboni. Damu ikanichemka upya, yote, kana kwamba hakuna aliyeniletea dawa wala matunda.

“Amesema nini?” nikauliza.

Nilisubiri “si kitu”. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu lake.

“Amesema mtoto wake nimempigia hadithi njia nzima,” akasema mume wangu, “na mke wangu nimemwekea bubu.”

Tangu anioe, ilikuwa mara ya kwanza kunitafsiria. Nikauhamisha waya kwa kidole kingine.

“Basi ongea.”

“Tuko kwa taa,” akaanza. “Mbele yangu kuna pikapu imebeba kochi, na juu ya kochi amekaa jamaa, amekunja nne, anasoma simu yake. Kama yuko sebuleni kwake. Sasa taa imewaka, tunaenda, hata hajashtuka…”

Aliongea vibaya, anarudia maneno, anasahau alipofika. Alinipa yule jamaa wa kochi mpaka akakata kona, akanipa mtu anayeosha vioo vya ghorofa akining’inia kwa kamba, akanipa foleni ya magari ya shule. Nilikuwa nasikiliza na bado nina wivu, sitadanganya, kwa sababu mwingine alikuwa anayaona hayo kwa macho na mimi kwa sikio.

“Haya, tumefika Pearl,” akasema. “Wacha nishuke nimfungulie mlango, ana mizigo.”

“Mwache afungue mwenyewe.”

Nikajibiwa kutoka garini, lakini haikuwa sauti ya mume wangu.

“Nimeshafungua, shemeji.”